Hesabu ya Nyumba ya Ijara: Gharama Yake na Pato Lake, kwa Mwenye Kupeleka Mali Dodoma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na aali zake na sahaba zake. Amma baad:

Watu wa pwani tangu zamani ni watu wa nyumba. Mwenye kupata fedha katika jahazi, au katika nazi, au katika duka, aghlabu alizitia katika jengo la mawe, akasema: mali iliyo katika jengo haiibiwi wala haizami. Maneno haya yana ukweli ndani yake, illa hayakutimia. Jengo haliibiwi, lakini huliwa. Huliwa na miaka, na mvua, na mchwa, na miezi isiyo na mpangaji, wala mwenyewe asijue, kwa kuwa hakuandika.

Na katika zama hizi wako watu wa Tanga na Pangani na Bagamoyo ambao macho yao yameelekea bara, katika mji wa Dodoma, kwa kusikia kwamba Serikali imehamia huko na kila mwenye kujenga hupata. Huenda ikawa hivyo na huenda isiwe. Mwenye kuamua baina ya mawili hayo si dalali wala si mwenye kusimulia barazani. Ni kalamu na karatasi. Basi haya ni mafunzo ya kuhesabu nyumba ya ijara kabla ya fedha kutoka mkononi: imesimama kwa kiasi gani, yaleta nini, na kwa muda gani.

Ili hesabu isiwe ya hewani, uchukuliwe mfano wa ndugu wawili, Zaidi na Amri, kama walivyozoea wanavyuoni kutoa mifano yao. Amri alikuwa mtu wa Pangani. Akafa, akaacha mjane na watoto wawili wanaume, wadogo. Yalipokwisha lipwa madeni, na mjane kupewa thumuni yake, ilibaki shilingi 60,000,000, nayo ni haki ya watoto. Zaidi aliusiwa na nduguye kuwaangalia, na mahakama ikamthibitisha. Akaambiwa na watu: peleka Dodoma, ujenge. Naye akaona ni nasaha njema. Bei zote za mfano huu ni za kujifunzia tu. Bei za mji hupanda na kushuka, na kila mtu atatia zake mahali pake.

FASILI YA KWANZA: KUIJUA DODOMA

Dodoma ni mji wa reli. Reli ya Mjerumani iliyotoka Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1910. Kisha mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapo, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu waliizoea kwa jina la CDA. Ilikusudiwa kuhama kuishe katika miaka kumi. Haikuwa hivyo. Serikali ilibaki Dar es Salaam, na mwaka 2016 ndipo Rais Magufuli alipotangaza kuhama kwa hakika. Waziri Mkuu alihamia Septemba 2016, na Makamu wa Rais Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na Bunge likapitisha sheria ya kuifanya makao makuu. Wizara zikajengewa mji wao Mtumba, upande wa mashariki.

Katika khabari hii mna mazingatio kwa mwenye fedha. Aliyenunua mwaka 1973 kwa kutumaini Serikali itafika kesho, alingoja miaka 43. Khabari aliyoisikia ilikuwa kweli. Alilokosea ni wakati. Na wakati nao ni gharama, kama itakavyobainika.

Na ardhi ya huko si kama ya pwani. Nchi ni kavu. Mvua ni za msimu mmoja, aghlabu kuanzia Desemba hata Aprili. Hapana matumbawe ya kujengea wala chokaa ya pwani. Wagogo, wenyeji wa nchi, walijenga tembe, nyumba fupi yenye dari bapa ya udongo, nayo yafaa katika nchi isiyo na mvua nyingi. Mgeni wa pwani hujenga kwa saruji na mabati, na vitu hivyo vina bei ya kununua na bei ya kuchukuliwa. Tena pana mahali penye udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba kwa mvua na hupasuka kwa jua, na jengo lililowekwa juu yake kwa msingi mwepesi hupasuka nao. Na pana mabonde yanayotuama maji masika. Kiwanja kilichoonekana mwezi wa Agosti, kikavu na kizuri, yapasa kionekane tena mwezi wa Februari kabla ya kulipwa.

Na yapasa mnunuzi ajue anachokinunua. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, naye Rais ni mdhamini wake. Anachomiliki mtu ni haki ya kuikaa na kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hivyo mnunuzi hununua miaka. Huko Dodoma hati za CDA zilikuwa za miaka 33. Mamlaka hiyo ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kutiwa mikononi mwa halmashauri ya mji, Rais aliagiza hati hizo zibadilishwe ziwe za miaka 99. Basi kabla ya kuuliza bei, iulizwe hati: ni ya nani, ni ya miaka mingapi, imebaki mingapi, na imeandikiwa masharti gani ya kujenga. Na asiye raia hapewi ardhi ila kwa njia ya uwekezaji iliyowekwa na sheria. Mwenye nduguze Mombasa au Maskati asiwaandikie wao kwa mkato.

FASILI YA PILI: MTAJI ULIOSIMAMIA

Zaidi alipoulizwa nyumba itakuwa kwa kiasi gani, alijibu: kiwanja milioni 12 na ujenzi milioni 38, jumla yake milioni 50. Jawabu hili ndilo kosa la kwanza la wajenzi wengi.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi walikwisha kulibainisha jambo hili zamani katika mlango wa murabaha, yaani kuuza kwa faida juu ya mtaji uliotajwa. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, amepambanua katika kitabu chake Minhaji baina ya matamko mawili. Mwenye kusema, nauza kwa kiasi nilichonunulia, haingii humo ila bei peke yake. Na mwenye kusema, nauza kwa kiasi kilichonisimamia, huingia pamoja na bei ujira wa mpimaji, na wa dalali, na wa mlinzi, na kila gharama iliyokusudiwa kutafutia faida. Lakini kazi aliyoifanya mwenyewe kwa mikono yake, au aliyofanyiwa bure na rafiki, haiingii katika mtaji; na akitaka ihesabiwe, na aitaje wazi mbali.

Basi mtaji wa nyumba ni huo uliosimamia, wala si bei. Na hesabu ya Zaidi, ilipoandikwa yote, ilikuwa hivi:

Bei ya kiwanja: 12,000,000
Ujira wa dalali: 600,000
Ada za hati na uhamisho, pamoja na ushuru wa stempu: 800,000
Mpimaji wa kuhakikisha mipaka: 300,000
Safari sita za Pangani na Dodoma: 900,000
Ramani na kibali cha ujenzi: 1,000,000
Vifaa na mafundi: 38,000,000
Maji, umeme, choo na shimo lake: 3,400,000
Mlinzi wa miezi 10: 1,500,000
Akiba ya bei kupanda na kazi kurudiwa: 1,500,000

Jumla yake ni shilingi 60,000,000. Milioni 10 alizozisahau Zaidi si za wizi wala si za bahati mbaya. Ni gharama za desturi, ambazo kila mjenzi huzilipa na wachache huziandika. Na matokeo yake ni kwamba fedha yote ya watoto itaingia ndani ya kuta, isibaki hata shilingi.

Tanbihi. Mpimaji ndiye wa kwanza kuachwa na mwenye kubana matumizi, na ndiye wa mwisho anayefaa kuachwa. Shilingi 300,000 za kuyaona mawe ya mipaka mahali pake ni rahisi kuliko nyumba iliyosimama nusu yake katika kiwanja cha mtu mwingine.

FASILI YA TATU: PATO SAFI

Nyumba ya Zaidi ilikusudiwa sehemu mbili, kila sehemu kwa ijara ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Akazidisha: 500,000 mara 12 ni 6,000,000. Akagawanya kwa mtaji wake wa milioni 50, akapata 12 katika kila 100, akasema: kwa miaka minane na miezi minne mali itakuwa imerudi, na baada yake ni faida tupu. Hili ni kosa la pili. Ijara iliyoandikwa katika mkataba si pato. Pato ni kinachobaki mkononi kwa mwisho wa mwaka.

La kwanza la kutolewa ni miezi mitupu. Mpangaji huhama, na baina ya kutoka mmoja na kuingia mwingine pana siku. Dodoma wapangaji wengi ni watumishi wa Serikali, nao huhamishwa kwa barua. Na wengine ni wanafunzi wa Chuo Kikuu kilichofunguliwa mwaka 2007, nao hurudi kwao likizo ndefu. Tena tangu mwaka 2024 treni mpya ya umeme huenda Dar es Salaam kwa muda usiotimia saa nne, na mtumishi aweza kuiacha jamaa yake pwani akapanga chumba kimoja mahali pa nyumba nzima. Basi si haki kuhesabu miezi 12. Na ihesabiwe 11. Hapo pato la 6,000,000 limekuwa 5,500,000.

Kisha hutolewa haya:

Kodi ya Serikali juu ya ijara, 10 katika kila 100: 550,000
Dalali wa kuleta mpangaji mpya, kwa desturi ijara ya mwezi mmoja: 250,000
Mwangalizi wa nyumba, 20,000 kwa mwezi: 240,000
Matengenezo, kwa wastani wa miaka: 400,000
Kodi ya majengo na kodi ya ardhi: 60,000
Safari mbili za mwenyewe: 300,000

Jumla ya matoleo ni 1,800,000, na pato safi ni 3,700,000. Kodi ya majengo katika hizo ni kidogo. Hulipwa pamoja na umeme, na tangu mwaka 2023 ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Kinachosahauliwa zaidi ni matengenezo. Rangi haingoji, na bati lina umri, na tangi la maji lina umri. Mwaka ambao hakikuharibika kitu, zile 400,000 hazikuwa faida, zimewekwa kwa mwaka ambao vitaharibika vitatu pamoja.

Sasa 3,700,000 igawanywe kwa mtaji uliosimamia, milioni 60. Ni 6 na kidogo katika kila 100, wala si 12. Na mali haitarudi kwa miaka minane. Ni miaka 16 na zaidi, mbali na mwaka wa kujenga. Nyumba ni ile ile, na mji ni ule ule, na wapangaji ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba imeandikwa.

Tanbihi. Desturi ya mijini ni mpangaji kutoa ijara ya miezi sita au ya mwaka mbele. Mwenye nyumba akizishika fedha hizo asidhani zimekwisha kuwa zake bila ya sharti. Jengo likianguka katikati ya muda, ijara huvunjika kwa muda uliobaki, na fedha yake hurudishwa kwa mpangaji. Basi ijara ya miezi sita na ihesabiwe mwezi kwa mwezi, kadiri manufaa yanavyotolewa.

FASILI YA NNE: KUPANDA KWA BEI

Huenda mwenye kusoma akasema: pato la ijara ni dogo, lakini bei ya nyumba itapanda, na hiyo ndiyo faida. Jawabu lake ni kwamba kupanda kwa bei ni kweli, lakini kuna hesabu yake.

Wenye hesabu wana njia nyepesi ya kupima mali iliyokuwa maradufu: namba 72 hugawanywa kwa idadi ya miaka, na kinachotoka ni ukuaji wake wa kila mwaka katika mia, kwa kukaribia. Kiwanja kilichokuwa maradufu kwa miaka 12 kimekua 6 kwa mwaka. Kilichokuwa maradufu kwa miaka 43 hakikufika hata 2. Kwa hivyo anayejisifu kwamba ameuza kwa mara mbili ya alivyonunua, na aulizwe kwanza: baada ya miaka mingapi?

Na shilingi yenyewe haisimami mahali pamoja. Tangu mwaka 2018 hata 2024 bei za vitu Tanzania zilipanda kila mwaka baina ya 3 na 5 katika kila 100. Ikiwa ni 4, basi kilichonunuliwa kwa milioni 60 leo, baada ya miaka kumi kitahitaji karibu milioni 88 na laki 8. Na aiuze Zaidi nyumba yake baada ya miaka kumi kwa milioni 90. Watu watasema amefaidi milioni 30. Juu ya faida hiyo Serikali huchukua 10 katika kila 100, nayo ni milioni 3. Zimebaki milioni 87, na dalali bado hajapata chake. Kwa hakika hakufaidi kitu katika bei; amehifadhi mali isipungue sana. Kuhifadhi ni jambo jema, na ndiyo kazi kubwa ya nyumba. Lakini mwenye kuhifadhi asijione amechuma. Chumo lake ni ijara, na ijara nayo hupandishwa kadiri shilingi inavyoshuka, ikiwa nyumba imetunzwa na mahali pake pana watu.

Tanbihi ya zaka. Nyumba iliyonunuliwa ili ipangishwe haina zaka katika jengo lake. Zaka ni katika fedha ya ijara itakapofika kiwango na kupitiwa na mwaka. Amma kiwanja kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa, nia hiyo ikiwepo wakati wa kununua, ni mali ya biashara. Huthaminiwa kila mwaka kwa bei ya sokoni, ikitimia kiwango hutolewa robo ya ushuri, yaani sehemu moja katika 40. Kiwanja kinachostahili milioni 16 zaka yake ni 400,000, kila mwaka, hata kama hakijauzwa. Mwenye kuweka viwanja na kungoja yapasa aitie zaka katika gharama za kungoja kwake.

FASILI YA TANO: KUJENGA KWA MKOPO

Riba ni haramu, na hukumu yake haihitaji hesabu. Lakini wako watu ambao nafsi zao huwaambia kwamba dhiki imewalazimisha, na kwamba faida ya nyumba italipa. Hao na watazame namba. Mikopo ya mabenki ya kawaida Tanzania katika miaka hii imekuwa ikitozwa 15 katika kila 100 kwa mwaka, au karibu yake. Nyumba ya mfano huu yaleta 6. Mwenye kukopa kwa 15 ili apate 6 atatoa 9 mfukoni mwake kila mwaka kwa kila 100 aliyoikopa, hata afilisike. Haramu hii haina hata hiyo faida ya dunia inayodhaniwa.

Na mwenye kutafuta mshirika badala ya mkopo, njia iko wazi. Lakini katika madhehebu ya Shafi faida na hasara za ushirika hugawanywa kwa kadiri ya mitaji. Kwa hivyo mtaji wa kila mmoja na uandikwe siku ya kwanza, pamoja na mashahidi, kama Kurani ilivyoamrisha kuandika madeni katika Sura ya Bakara. Ushirika wa nyumba huanza kwa kupeana mikono na huishia mahakamani, na kinachokosekana baina ya mwanzo na mwisho aghlabu ni karatasi moja.

FASILI YA SITA: MALI YA MAYATIMA

Mtu akikosea hesabu katika mali yake, amejidhuru mwenyewe. Akikosea katika mali ya yatima, amemdhuru asiyeweza kumwuliza. Kwa sababu hii wanavyuoni wamekaza masharti.

Wamesema kwamba kumnunulia yatima nyumba au shamba ni bora kuliko kumfanyia biashara, pato la mali hiyo likimtosha. Na Mawardi akaongeza: iwe mahali pa amani na dhulma ya watawala, isiwe inayokaribia kuharibika, wala isiwe yenye kodi nzito juu yake. Na Nawawi amesema katika Minhaji kwamba walii ajenge nyumba za yatima kwa udongo na tofali la kuchoma, asijenge kwa tofali bichi wala kwa jasi. Na washerehi wakabainisha sababu: tofali bichi halidumu, na jasi gharama yake ni nyingi. Muradi wake, nyumba ya yatima isiwe dhaifu ikamwangukia, wala isiwe ya fahari ikamla mali yake. Na Ibn Sabbagh ameshurutisha kwamba jengo likiisha liwe na thamani ya kile kilichotumiwa juu yake.

Zaidi aliyasikia hayo, akarudi katika karatasi yake. Matumizi ya watoto, chakula na mavazi na skuli, yalikuwa shilingi 325,000 kwa mwezi, nayo ni 3,900,000 kwa mwaka. Kwa hesabu yake ya kwanza, ya 6,000,000, yalitosha na kuzidi. Kwa hesabu ya kweli, ya 3,700,000, yalipungua 200,000 kila mwaka. Naye angali akiipima tofauti hiyo, akiiona ndogo ya kuvumilika, mjane wa nduguye akauliza swali ambalo halikuwa katika karatasi:

"Shemeji, na mwaka huo wa kujenga, watoto watakula nini?"

Hapakuwa na jawabu. Milioni 60 zote zingekuwa ukutani, na mpangaji bado hajaingia. Zaidi angekopa, au angeuza nyumba isiyokwisha kwa bei ya dhiki.

Basi hakujenga. Alikwenda Dodoma akakaa siku kumi, akaacha kuwauliza madalali juu ya ijara, akawauliza wapangaji wenyewe wanalipa nini, na nyumba ya jirani imekaa tupu kwa miezi mingapi. Akaipata nyumba iliyokwisha simama, ya tofali la kuchoma, karibu na mji, yenye vyumba sita vya kupangisha na watu ndani yake. Akaihesabu hivi:

Bei: 46,000,000
Hati na uhamisho: 2,000,000
Matengenezo ya kwanza: 4,000,000
Jumla ya mtaji uliosimamia: 52,000,000

Ijara ni 90,000 kwa chumba, yaani 540,000 kwa mwezi. Kwa miezi 11 ni 5,940,000. Matoleo ni kodi ya Serikali 594,000, na matengenezo 600,000 kwa kuwa nyumba ni ya zamani, na mwangalizi 240,000 ambaye ndiye mwenye kuleta wapangaji, na kodi ya majengo na ardhi 60,000, na safari 300,000. Jumla yake 1,794,000. Pato safi ni 4,146,000, nalo ni karibu 8 katika kila 100, na laanza mwezi wa kwanza. Zikabaki milioni 8 taslimu kwa la ghafula. Zaka yake ni 200,000, kwani katika madhehebu ya Shafi mali ya mtoto nayo ina zaka. Ikitolewa, na watoto wakapewa matumizi yao, husalia shilingi 46,000 kwa mwaka.

Mwenye kutazama kwa haraka atasema 46,000 ni kitu gani? Ni kwamba watoto wamekula mwaka mzima na mtaji wao haukuguswa. Nyumba ya kwanza ilikuwa mpya, na ya kupendeza, na Zaidi angeionyesha kwa watu. Hii ya pili ni ya zamani, na mlango wake umepinda. Lakini walii hakuwekwa ili aonyeshe.

KHATIMA

Yaliyotangulia yamekusanyika katika maswali matano, na mwenye kupeleka mali yake au ya mwenziwe katika jengo asitoe fedha mpaka ameyajibu kwa maandishi. Nyumba itanisimamia kwa kiasi gani, pamoja na kila ujira na ada? Itabaki shilingi ngapi kwa mwaka, baada ya mwezi mtupu na kodi na matengenezo? Itachukua muda gani kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, na nitaishi kwa nini katika muda huo? Hati ina miaka mingapi? Na nikitaka kuiuza kwa haraka, nitapata nini mkononi?

Akishindwa kulijibu moja katika hayo, na asubiri. Kiwanja kitakachopotea kwa kungoja wiki mbili kitapatikana kingine; na mali ya yatima ikipotea, mwenyewe atakuwa mkubwa siku moja, atauliza, na karatasi ndiyo itakayojibu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.